Makopo Mawili ya Rangi: Siku Sita Kuuzunguka Mlima Meru

Jumamosi, Tengeru

Leo ni siku ya gulio, na kutoka Tengeru siku ya gulio ni kazi. Pikipiki ya mpwa wangu imepakiwa hivi: sanduku la kupimia floridi kwenye maji ya visima liko mapajani pake, sanduku la kupimia aseniki liko mgongoni kwangu, na nyuma, kwenye kreti ya soda iliyofungwa kwa mpira, yamo makopo mawili ya rangi ya mafuta. Moja jekundu, jingine kijani.

Kila aliyetuona aliuliza habari za rangi. Hakuna aliyeuliza habari za masanduku.

Wazo la rangi nimelitoa Bangladesh. Kule, kuanzia miaka ya 1970, wananchi walichimbiwa visima vya pampu kwa mamilioni ili waachane na maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiwaua watoto kwa kuhara na kipindupindu. Waliochimba walikuwa na nia njema, na maji yalitoka meupe, baridi, hayana harufu. Ila aseniki, sumu isiyoonekana kwa macho, haikupimwa. Ilipogunduliwa visimani mwaka 1993, watu walikuwa wameyanywa maji yale kwa miaka mingi, na wengine walikwisha kuota madoa meusi kifuani na magamba magumu viganjani. Baadaye ikaja saratani. Ndipo timu zikaanza kupita pampu kwa pampu: yenye aseniki zaidi ya mikrogramu 50 kwa lita ikapakwa nyekundu, iliyo chini ya hapo ikapakwa kijani. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 tu, kwa hiyo hata kijani kile kilikuwa na walakini, lakini angalau mama aliyeshika ndoo aliweza kuona kwa macho.

Aseniki ile haikumwagwa na kiwanda. Ilikuja na tope la mito kutoka Himalaya, imeshikamana na chembe za kutu ya chuma. Tope likazikwa pamoja na majani na mizizi. Bakteria walioko chini, wakila mabaki hayo mahali pasipo na oksijeni, hutumia kutu badala ya hewa. Kutu ikiyeyuka, aseniki inabaki haina pa kushika, inaingia kwenye maji. Kisima kimoja kina sumu, cha jirani hatua hamsini mbele hakina, kwa sababu ya tofauti ya tope na kina tu. Ndiyo maana hakuna njia ya mkato: kila kisima kipimwe chenyewe.

Kwetu Meru jina la tatizo ni floridi, ambayo ikizidi kwenye maji ya kunywa huharibu meno na mifupa. Mimi ni mwalimu wa kemia, nimekulia upande wa mashariki wa mlima huu, na meno yangu ni ya kahawia tangu yalipoota. Nilipokwenda kusoma Morogoro wenzangu waliuliza kama navuta sigara. Nikajifunza kucheka huku nimeweka kiganja mdomoni, na mkono huo haujashuka mpaka leo.

Kabla ya kuondoka tumenunua magadi ya mafungu mawili. Nitayapima.

Jumapili, Maji ya Chai

Jina la mahali hapa limetokana na mto, maji yake yana rangi ya chai ya mkandaa. Wazee wengi huku wanaamini rangi hiyo ndiyo inayopaka meno ya watoto. Leo, baada ya ibada, nimelisikia tena jambo hilo kwa akina mama watatu waliokaa chini ya mti, na sikuona aibu kuwabishia kwa heshima, maana imani hiyo ina madhara. Anayedhani ubaya uko kwenye rangi atayaacha maji ya kahawia ya mtoni na kwenda kuchota yale meupe ya kisimani, akiamini amemwokoa mtoto. Floridi haina rangi, haina harufu, na kwa kiasi kinachoharibu meno haina ladha. Mto huu umepimwa mara nyingi na umeonekana kuwa na zaidi ya miligramu 10 kwa lita. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na cha kwetu siku hizi, ni 1.5. Nasema siku hizi kwa sababu kiwango chetu cha muda cha mwaka 1974 kiliruhusu hadi miligramu 8, baadaye 4. Mimi ni mtoto wa kiwango cha 8.

Nikawaonyesha kipimo. Dawa ninayotumia ni nyekundu iliyoiva, rangi iliyoshikana na madini ya zirikoniamu. Ukiidondosha kwenye maji yenye floridi, floridi inaikamata zirikoniamu na kuitoa kwenye rangi, na wekundu unapauka. Kadiri floridi inavyozidi ndivyo kichupa kinavyozidi kufifia. Nikaweka vichupa viwili juu ya jiwe, kimoja cha maji safi niliyotoka nayo maabara, kingine cha kisima chao. Cha maabara kilibaki chekundu. Cha kisimani kikapauka, kikabaki na wekundu hafifu kama maji yaliyosuuza hina.

Mama mmoja akapiga makofi. "Ona, yetu yametakata!"

Nimekuwa nikifundisha kipimo hiki miaka kumi na moja, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukisoma kinyume. Ana haki. Dawa imemwaga rangi yake, maji yameonekana meupe, mtu yeyote angesema yamesafishika. Nikarudia mara tatu, polepole, kwamba katika kipimo hiki weupe ndio ubaya. Hakuridhika sana. Usiku huu ninaandika nikiwa bado namfikiria yeye.

Aliyeridhika ni yule wa pembeni, kwa jambo jingine kabisa. Alisema maji ya kisima hiki "yanapenda sabuni", kipande kidogo tu povu linajaa beseni. Hapo ameigusa kemia yenyewe. Miamba ya volkano ya Meru ina floridi nyingi na sodiamu nyingi, na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ndiyo inayofanya maji kuwa magumu na sabuni kukataa povu. Na kalsiamu hiyohiyo ndiyo inayoishika floridi, zikaungana zikawa jiwe, zikatulia chini. Maji yetu yanapopita taratibu kwenye jivu na mawe yale yanajaa bikaboneti ya sodiamu, pH inapanda, yaani tindikali inapungua, na kalsiamu kidogo iliyokuwamo inaganda kuwa chokaa ardhini. Floridi inabaki haina mwenzi wa kuizuia. Inaendelea kupanda, mwaka hata mwaka, kadiri maji yanavyokaa chini. Kwa hiyo chemchemi ya juu msituni, ambayo mvua yake imeingia juzi, mara nyingi ina floridi kidogo, na kisima kirefu cha chini, ambacho mfadhili amekigharimia pesa nyingi, kinaweza kuwa na floridi kuliko vyote.

Povu si kipimo, msije mkalitumia hivyo. Lakini nitalitumia darasani.

Jumatatu, Ngurdoto

Mwendo mfupi leo. Tumelala kwa dada yangu, mama yake huyu mpwa, ambaye anaishi si mbali na kituo cha utafiti wa kuondoa floridi kilichoko hapa Ngurdoto chini ya Wizara ya Maji. Kazi inayojulikana sana ya kituo hicho ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo mpaka mafuta na nyama vyote viishe, inabaki chembechembe nyeusi, inapondwa, inapakiwa kwenye ndoo yenye koki. Ikichomwa nusunusu maji yananuka, na kwa kweli wengi walioachana na ndoo hizi waliachana nazo kwa harufu.

Kinachofanya kazi ndani ya mkaa ule ni apataiti, madini ya kalsiamu na fosfeti. Floridi inaingia ndani yake na kukaa mahali pa haidroksidi. Na apataiti ndiyo jino. Ndiyo mfupa. Kinachotokea kwenye ndoo ya dada ndicho kilichotokea kinywani mwangu nikiwa mtoto, wakati meno ya ukubwani yakijengeka ndani ya fizi, kuanzia kuzaliwa mpaka kama miaka minane. Mfupa wa ng'ombe unatangulizwa mbele ushibe floridi, ili wa mtoto usishibe. Nilipolielewa hilo mara ya kwanza chuoni, niliweka kalamu chini.

Basi nikapima ndoo ya dada. Maji yanayoingia: kichupa kimepauka. Maji yanayotoka kwenye koki: kimepauka vilevile. Mkaa umeshiba siku nyingi. Waliomuuzia walimwambia atumie, hawakumwambia abadilishe, na yeye amekuwa akiwapa wajukuu wawili maji hayo kwa imani yote. Dada alikaa kwenye kigoda, hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Tangu lini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Ipo njia nyingine, ya alamu (shabu) na chokaa, iliyopewa jina la mji wa Nalgonda wa India. Unakoroga, unaacha itulie, floridi inashuka na mashapo. Inahitaji kupima dawa kila siku kwa usahihi, na nyumbani kwa mama mwenye watoto watano na shamba, sioni ikidumu.

Magadi nimeyapima usiku. Fungu moja lilipausha dawa vibaya, jingine kidogo. Rangi ya magadi haikunisaidia kubashiri. Haya ndiyo tunayotupia kwenye makande ili maharage yaive upesi, kwa hiyo floridi inaingia kwa mlango wa pili hata kwa mwenye maji mazuri. Dada ameyamwaga yake.

Jumanne, barabara ya Leguruki

Kikatiti, kisha King'ori, kisha vumbi. Hakuna la kuandika mpaka saa saba mchana.

Saa saba tukafika kitongoji kimoja juu ya barabara, sitakitaja jina, chenye kisima kirefu kilichochimbwa na mradi fulani. Kuna kibao cha saruji chenye jina la wafadhili. Hakuna karatasi ya matokeo ya maji, si kwa mwenyekiti, si kwa kamati ya maji. Mwenyekiti anasema sampuli zilichukuliwa siku ya uzinduzi na kupelekwa mjini, na wao waliendelea kunywa wakisubiri majibu. Wanasubiri bado. Jambo hili linanikasirisha kuliko mlima wenyewe. Mlima haujui kusoma.

Tukapima mbele ya watu kama arobaini. Safari hii nilianza na maelezo: chekundu kizuri, kilichopauka kibaya. Dawa ilipauka mpaka kifaa kikashindwa kusoma, maana mwisho wake ni miligramu 2. Nikachukua sehemu moja ya maji yao na sehemu tisa za maji safi, nikapima tena. Hata hapo rangi ilififia. Nikazidisha kwa kumi, nikamwonyesha mwenyekiti hesabu kwenye daftari, akaipitia kwa kidole. Wapo watoto waliokuwa wamesimama mbele kabisa, meno wazi, na kila mtu pale alijua ninachosema bila mimi kunyoosha kidole kwa mtoto yeyote.

Mtu akauliza kama wakichemsha itasaidia. Haisaidii, inazidisha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini maji yanapopungua kwa mvuke floridi haiondoki nayo, inabaki sufuriani kwa maji machache zaidi.

Nikaomba ruhusa ya kupaka pampu nyekundu. Mwenyekiti aliitikia. Mpwa wangu akafungua kopo, akakoroga kwa kijiti. Ndipo bibi mmoja mwenye fimbo akasimama.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Ukishapaka nyekundu, kesho alfajiri ndoo yangu nikaitie wapi?"

Kisima kingine kilicho karibu ni kilometa nne na hakijapimwa. Mto nao una floridi. Nilikuwa nimesafiri siku nne na jibu la Bangladesh, na swali hili lilikuwamo kule kule Bangladesh tangu mwanzo: kule waliweza mara nyingi kumwambia mama avuke kwa jirani mwenye pampu ya kijani. Hapa hakuna jirani. Rangi yangu ingemwambia huyu bibi kwamba anachowapa wajukuu wake ni kibaya, kisha ingemwacha na ndoo tupu.

Nikamwambia mpwa afunike kopo.

Tulikaa mpaka jua linazama, na mazungumzo yale ndiyo sehemu ya safari hii ninayoithamini. Nilianza na jambo moja: floridi haidhuru ngozi. Maji ya kufulia, kuogea, kufyatulia tofali, yanaweza kuendelea kutoka hapa. Yanayotakiwa kuwa safi ni ya kunywa na ya kupikia tu, na wa kwanza kuyapata ni watoto wasiofika miaka minane na mama wajawazito. Hapo hesabu inapungua sana. Nyumba moja ikitumia lita 20 kwa siku za kunywa na kupikia, kwa siku 150 za kiangazi ni lita 3,000.

Na mvua haina floridi ya kuhesabika. Bati la mita za mraba 40, mvua ya milimita 100 ikinyesha, ni lita 4,000 zinazoshuka. Ukitoa zinazomwagika na za mwanzo zinazoosha vumbi la bati, lita 3,000 zinapatikana. Masika hapa huleta zaidi ya hiyo. Tuliangalia mapaa yaliyotuzunguka: bati tupu, nyumba baada ya nyumba, na hakuna hata moja lenye mfereji. Shule ya msingi ina mapaa marefu manne na simtanki moja iliyokaa tupu nyuma ya jiko kwa sababu bomba la kuileta mvua lilivunjika.

Bibi alisikiliza yote. Mwishoni akasema mfereji anaweza kutengenezewa na kijana wake wa bati, simtanki hawezi. Ni kweli. Lita 3,000 za plastiki ni pesa ambayo nyumba nyingi pale hazijawahi kuiona kwa pamoja. Ila shule inaweza, na tangi la shule lipo tayari.

Jumatano, Ngarenanyuki

Upande huu ni wa kivuli cha mvua, nchi inakuwa kavu ghafla. Kushoto kuna vilima vidogo vidogo vingi na kati yake Maziwa ya Momela. Vilima hivyo ni kipande cha mlima chenyewe: ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka miaka elfu kadhaa iliyopita ukatandaza mawe na tope mpaka huku. Maji yanayopita kwenye tope lile yanaoga floridi, na yale ya maziwa, ambayo jua linayakausha bila njia ya kutokea, yamepimwa kwa mamia ya miligramu kwa lita. Mto Ngarenanyuki wenyewe unazidi 20. Ndio unaomwagilia nyanya zinazouzwa Arusha.

Nchi hii Wameru waliipigania. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu, nyumba zikachomwa, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa New York kuieleza dunia. Baba yangu alinisimulia habari hiyo mara nyingi, wala sikumbuki hata mara moja aliyotaja maji.

Leo ndiyo siku ya sanduku la aseniki. Sababu yangu ya kulibeba ni hii: aseniki haihitaji tope la Himalaya peke yake. Kwenye maji yenye pH ya juu na chumvi ya sodiamu, kama haya yetu, aseniki inaweza kuachia chembe za chuma ilikoshika, na kule Argentina na bonde la ufa la Ethiopia aseniki na floridi hutembea pamoja visimani. Hapa nchini aseniki imeonekana Kanda ya Ziwa, kwenye miamba ya dhahabu. Nilitaka kujiridhisha.

Kipimo hufanyika uwanjani, penye upepo. Unatia unga wa tindikali na unga wa zinki kwenye chupa, unafunika haraka, na gesi inayopanda ikiwa na aseniki inageuza karatasi ndogo iliyoko kwenye kizibo, kutoka nyeupe kwenda njano, kisha kahawia. Gesi hiyo ni sumu, nilimtaka mpwa asimame upande unakotoka upepo. Dakika ishirini. Visima vitatu, mara tatu dakika ishirini, na karatasi zote zimebaki nyeupe. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia kijana wa watu. Visima vitatu si mlima mzima, lakini kwa hivi vitatu ni sumu moja tu.

Moja yatosha. Jioni, kwenye duka tulilonunua mkate, alikuwapo mvulana wa kama miaka kumi mwenye magoti yaliyoachana mno, amesimama ameshika ukuta. Miguu ya namna hiyo inaweza kuletwa na mambo kadhaa, na mimi si daktari. Mpwa wangu alimnunulia soda, wakaongea mpira.

Alhamisi, Oldonyo Sambu hadi nyumbani

Njia ya nyuma ya mlima ni mawe matupu. Pancha mbili. Tumepima kisima kimoja tu, dawa ikapauka, nikaandika namba kwenye daftari la kamati na kusaini, bila kugusa rangi.

Saa kumi jioni, karibu na Sakina, simu ikaita. Ni mwenyekiti wa kitongoji cha juzi. Kamati ya shule imekaa leo asubuhi. Wazazi wanachangia bomba jipya la kuleta mvua kwenye simtanki, fundi ameshapima urefu wa paa, wanataka limalizike kabla ya vuli. Akauliza kama lile kopo la kijani bado ninalo.

Nikamwambia ninalo, halijafunguliwa.

"Basi ulete, mwalimu. Tutapaka tangi. Na bibi anasema ulete na lile jekundu, kwenye pampu aandikiwe KUFULIA."

Jumamosi ijayo narudi.